Kiboksi cha media, Android, Raspberry Pi au kompyuta nzima: kipi kikae mbele ya tivii kama seva ndo inarekodi

Mechi imeanza saa moja kamili usiku, we umefika nyumbani saa moja na dakika 45, seva (kompyuta inayorekodi tivii) iko stoo inarekodi tangu filimbi ya kwanza. Unakaa, unafungua rekodi kwenye kile kiboksi chako cha media kilichochomekwa kwenye raouta, unaanza mwanzo kabisa, simu umeizima watu wasikutumie matokeo. Dakika ya 45 ya rekodi, winga kashaingia ndani ya kumi na nane, pap, umerudishwa kwenye orodha ya mafaili. Hakuna onyo wala maelezo, kiboksi kinaona mechi imeisha. Unaifungua tena, inaanza mwanzo, inabidi upeleke mbele dakika zote 45 na ukipitiliza kidogo tu unakutana na matokeo pale juu kwenye kona ya skrini.

Mi nimeishi na hiyo hali karibu mwaka mzima nikidhani mtandao wangu ndo mbovu. Kumbe kiboksi kilikuwa kinafanya kazi yake sawasawa. Kilipofungua faili kiliuliza lina ukubwa gani, kikajibiwa kama GB 2.7 (hiyo ndo dakika 45 za chaneli ya HD inayokula Mbps 8), kikaandika hiyo namba na hakikuuliza tena. Faili linaendelea kukua huku, chenyewe hakina habari.

Kwa hiyo kabla hujaanza kuulizana mambo ya 4K na RAM ngapi, swali la kwanza ni hili: hicho kitu unachotaka kukiweka mbele ya tivii kinaongea na seva inayorekodi, au kinasoma mafaili tu kama mtu anayechungulia dirishani? Maana seva ya kurekodi ni kitu kimoja (Tvheadend, MythTV, NextPVR, au Jellyfin na Plex kwa upande wao), yenyewe ina tyuna (kipokezi cha chaneli), ina antena, ina diski, inajua ratiba. Frontendi ni kile kinachokaa sebuleni na rimoti. Frontendi ya kweli inajua kwamba hii rekodi bado inaendelea, inajua uliishia wapi jana, ukiiambia futa inafuta, ukiiambia rekodi msimu mzima inapeleka ujumbe kwa seva. Kinachosoma mafaili tu hakijui lolote kati ya hayo.

Kiboksi cha media cha kawaida

Hapa nazungumzia vile vidude kama WD TV Live, Popcorn Hour na ndugu zao, pamoja na tivii zenyewe zinazosoma DLNA (njia ya vifaa vya nyumbani kuchukua video kwenye mtandao), maana kwa kazi hii ni ukoo mmoja. Tuvitendee haki kwanza. Vinawaka haraka, havina feni, umeme vinakula kidogo mno, rimoti ina vitufe vya kueleweka na mtu yeyote ndani ya nyumba anaikamata bila semina. Na kwenye picha wala usivicheke, vile vyenye chipu za Sigma Designs vilitengenezwa kwa kazi ya video tu, unakipa MPEG-2 ya chaneli za zamani au H.264 ya HD (hizo ni namna za kubana video) kinacheza bila kutoka jasho, na ile mistari inayopishana ya matangazo ya tivii (1080i au 576i, ambapo kila picha inarushwa nusu nusu, mistari kwa zamu) kinaiunganisha vizuri kuliko boksi nyingi za Android nilizoziona.

Shida zinaanza ukitaka zaidi ya kucheza. Ukiacha hiyo ya faili linalokua, kuna majina. MythTV haihifadhi rekodi kwa jina la kipindi, inahifadhi kwa namba ya chaneli na muda wa kuanza, na muda wenyewe ni wa UTC (saa ya kimataifa, siyo ya hapa). Kwa hiyo kwenye folda unakuta 1001_20240310190000.ts, inayofuata 1004_20240311183000.ts, na kuendelea, we mtafutie mama tamthilia yake hapo kama utaipata. Dawa ipo, kuna skripti inaitwa mythlink.pl inatengeneza folda ya pili yenye viungo vyenye majina ya kibinadamu, ila sasa ukishea hiyo folda kwa Samba (programu ya kushea mafaili kwenye mtandao) na viungo vinaelekea nje ya folda yenyewe, Samba inagoma kuvifungua mpaka uibadilishie mipangilio, au ushee kuanzia folda ya juu inayobeba zote mbili. Nilipoteza jioni mbili hapo. Njia nyepesi ni kuacha seva ya MythTV itumie UPnP yake ya ndani (ndo inayosomwa na viboksi vya DLNA), hiyo inaonesha majina kamili. Tvheadend haina huo usumbufu, yenyewe inaandika jina la kipindi kwenye faili na unaweza kuipangia folda kila kipindi na chake.

Alafu subtaito. Zile zinazorushwa na kituo chenyewe, ziwe za DVB ambazo ni vipicha au za teleteksti, viboksi vingi vya DLNA havizioneshi kabisa. Kama ndani ya nyumba kuna mzee anayesikia kwa shida, hiyo peke yake inatosha kufunga mjadala.

Na mahali ulipoishia kunabaki kwenye kumbukumbu ya kiboksi. Uliangalia nusu sebuleni, ukienda chumbani kiboksi cha chumbani kinakuanzishia mwanzo. Kufuta rekodi nako hakuna, au kama umeishea folda kwa ruhusa ya kuandika utafuta faili lakini seva bado ina kumbukumbu yake kwenye orodha, baada ya miezi miwili unakuta orodha imejaa vipindi hewa.

Hivi vitu vilishawahi kuwa frontendi kweli, vijana wa sasa hawajui. Hauppauge walikuwa na kidude kinaitwa MediaMVP, kidogo, hakina diski, kinajiwasha kutoka kwenye mtandao, watu wakakiandikia programu ya mvpmc kikawa kinaongea na MythTV moja kwa moja, ila mwisho wake ulikuwa picha za kawaida tu, HD hakuna. SageTV walikuwa na viboksi vyao maalumu vya sebuleni, vizuri kweli, Google wakainunua kampuni 2011 na mauzo yakaishia hapo, msimbo wa programu yake ukaja kuachiwa wazi 2015. Mwaka huohuo Windows 10 ikaja bila Media Center (programu ya Microsoft ya kuangalia na kurekodi tivii), na wale waliokuwa wakitumia Xbox 360 kama boksi la tivii chumbani wakabaki wanasonya. Tangu hapo siamini kitu cha sebuleni kinachoongea na seva ya aina moja tu na hakibadilishiki programu.

Boksi la Android

Hili ndo wengi wanakimbilia na sababu zao naziona. Unaweka Kodi (programu ya kuchezea video, zamani XBMC, ilibadilishwa jina 2014), ndani yake unaweka kiongezi (programu ndogo ya nyongeza) cha Tvheadend au MythTV au NextPVR, na ghafla una ratiba ya vipindi kwenye skrini, una kitufe cha kurekodi, unasimamisha matangazo ya moja kwa moja ukaenda kufungua mlango, unarudi unaendelea. Hapo ni frontendi kamili. Na ile mechi inayoendelea kurekodiwa inafunguka, inaendelea mpaka mwisho, kwa sababu anayeleta data ni seva kupitia njia yake yenyewe (Tvheadend wanaita HTSP, iko poti 9982, kurasa za mipangilio ziko 9981), wala huhitaji kushea folda.

Faida kubwa ambayo Pi haina: programu rasmi za kulipia. Boksi lenye leseni ya Android TV linacheza huduma za filamu kwa HD au 4K kwa sababu lina Widevine L1 (ulinzi wa video unaodaiwa na huduma hizo), Kodi kwenye Pi hufiki huko. Kama nyumbani watu wanaangalia filamu za mtandaoni kuliko tivii ya antena, usijitese, chukua Android na uishie hapo.

Ila sasa. Boksi la Android lilibuniwa kwa ajili ya video za intaneti, ambazo fremu zake ni nzima nzima. Matangazo ya antena na dishi bado mengi ni mistari inayopishana, na hapo kila boksi na bahati yake, inategemea chipu na aliyeandika madereva. Nilikuwa na moja (jina naliacha) lilikuwa linacheza 4K laini kama siagi, ukiliwekea taarifa ya habari maandishi yanayopita chini yanakuwa na meno kama msumeno. Nimebadilisha kila kitu kwenye Kodi, wapi, mpaka nilipoizima chipu na kuacha prosesa ifanye kazi, hapo meno yakaondoka lakini boksi likawa la moto na picha inaruka ruka. Mengine MPEG-2 hayana kabisa kwenye chipu. Na kuna suala la 50 na 60: matangazo ya fremu 50 kwenye skrini iliyokwama 60 yanatembea kwa kushtuka shtuka, mpira unauona unaruka, kwa hiyo hakikisha boksi linaweza kubadilisha yenyewe skrini ifuate video. Kwenye Kodi hiyo mipangilio ipo, ila boksi lazima likubali.

Na ukurasa wa mwanzo wa Android wenye matangazo ya biashara makubwa kuliko kipindi unachotaka kuangalia, hilo sisemi sana nitaudhi watu.

Raspberry Pi na LibreELEC

Hapa ndo nilipotua mimi. LibreELEC ni mfumo mdogo unaowaka moja kwa moja kuingia Kodi, hakuna dawati wala matangazo. Ulichipuka kutoka OpenELEC 2016. Unaandika kadi, unachomeka, unaingiza kiongezi cha seva yako, umemaliza. Kitu kilichonifurahisha kuliko vyote ni HDMI-CEC, yaani rimoti ya tivii yenyewe ndo inaendesha Kodi kupitia kebo ileile ya HDMI, hununui rimoti, huweki macho ya infraredi, bi mkubwa alishika rimoti yake ya siku zote akabonyeza mishale ikatembea, hakuuliza swali hata moja.

Lakini Pi siyo zote sawa, sikiliza hapa vizuri. Kuanzia ya kwanza mpaka Pi 3, chipu ina uwezo wa MPEG-2 ila imefungwa, unanunua leseni ndogo ndo inafunguka, na poti yake ya mtandao ya kebo ni 100 Mbps (Pi 3B+ ilipanda kidogo). Pi 4 ya 2019 hiyo leseni haina, MPEG-2 inafunguliwa na prosesa na inatosha kabisa, H.264 na HEVC (H.265, mrithi wa H.264) ziko kwenye chipu. Pi 5 ya 2023 wametoa H.264 kwenye chipu wakaacha HEVC peke yake, watu walipiga kelele sana, ila prosesa yake ina nguvu kiasi kwamba HD ya kawaida ya H.264 inaibeba. Kwa hiyo usidhani namba kubwa ndo bora moja kwa moja, angalia chaneli zako zinarushwaje. Chaneli za 1080i ndo zinazopima ubavu, maana ni kufungua video na kuunganisha mistari kwa wakati mmoja.

Ubaya wake ni kadi. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, kadi inaweza kuharibika na siku ya pili unakuta skrini nyeusi. Mi nimeshaandika kadi ya pili nikaiweka nyuma ya tivii na gundi ya karatasi, ikitokea ni dakika mbili. Na usiipe Pi hiyo hiyo kazi ya kurekodi pia kwa kuichomekea tyuna, inawezekana na wengi wanafanya, lakini siku unaizima usiku kwa mazoea ndo siku iliyokuwa irekodi saa nane za usiku.

Kompyuta ndogo kamili

Kama seva yako ni MythTV (hiyo imeanza 2002, Isaac Richards ndo aliianzisha) na unataka kila kitu chake bila kupunguza, basi ni mythfrontend kwenye kompyuta. Kupanga vipaumbele vya kurekodi, kuhariri rekodi ukakata mwanzo na mwisho, kuona kwa nini kipindi fulani hakitarekodiwa kesho kwa sababu tyuna zote mbili zina kazi, hayo yote yapo kwenye rimoti. Kodi inakupa sehemu tu. Picha nayo ni safi kuliko zote hapa, kadi ya video ya kawaida ya Intel inaunganisha mistari hadi unasahau kwamba ilikuwepo.

Gharama ya hiyo raha: mythfrontend na seva lazima ziwe na protokali ya toleo moja. Umeisasisha seva leo usiku, frontendi ya sebuleni haijasasishwa, kesho asubuhi inakwambia matoleo hayalingani na haiunganishi, watoto wanakusubiri uamke. Kiongezi cha MythTV cha Kodi kina uvumilivu zaidi, kinaelewa matoleo kadhaa, ingawa likija toleo jipya kabisa nacho kinaweza kuchelewa. Na kompyuta nyingi hazina CEC, kwa hiyo rimoti ya tivii haifanyi kitu mpaka ununue adapta ya USB (Pulse-Eight wanatengeneza) au kipokezi cha infraredi. Feni pia, usiku wa manane kwenye tukio la kimya la filamu utaisikia.

Na Jellyfin au Plex je?

Haya yanaingia kwenye mlango mwingine. Programu zake ziko kwenye tivii zenyewe, simu, kila mahali, na yanakumbuka ulipoishia kwenye kila skrini. Plex kurekodi lazima uwe na Plex Pass (usajili wa kulipia), Jellyfin ni bure (walijitenga na Emby, seva nyingine ya media, Desemba 2018), inapokea tyuna za HDHomeRun (zinazochomekwa kwenye mtandao) na orodha za chaneli za M3U, ratiba unailetea kwa faili la XMLTV. Kwa maktaba ya filamu siwezi kuyasema vibaya. Kwa tivii ya moja kwa moja naona yanajikaza tu. Sababu ni kwamba programu ya kwenye tivii mara nyingi haielewi video kama inavyotoka kwenye antena, hasa MPEG-2 na ile mistari, kwa hiyo seva inaanza kuibadilisha palepale, prosesa inapanda, feni inalia, kubadilisha chaneli unahesabu sekunde. Kodi na Tvheadend mimi ni sekunde mbili tatu na seva haina hata habari, inapitisha tu data kama ilivyo.

Kuruka matangazo ya biashara nako kuna utofauti mkubwa. MythTV inayatambua yenyewe kwa mythcommflag, Tvheadend unaiambia iendeshe comskip (programu ya kutafuta matangazo) kila rekodi ikiisha, na alama zinazopatikana zinapelekwa mpaka kwenye Kodi, ikifika pale inaruka. Inakosea, tena sana tu, kuna siku iliruka mahojiano mazima kwa sababu studio ilikuwa na giza. Uzuri Kodi ikiruka tangazo ukarudisha nyuma inakuachia uangalie, haikung'ang'anii. Kiboksi cha DLNA hizo alama hakizioni.

Mtandao sitaki tuukalie sana. Chaneli ya HD ni Mbps chache, hata ATSC (mfumo wa tivii ya antena) ya Marekani kituo kizima ni Mbps 19.39, ambayo ni kama GB 8.7 kwa saa, kwa hiyo poti ya 100 Mbps inatosha na kubaki. Kinachoua ni waifai inayopanda na kushuka, inacheza vizuri dakika 20 alafu inaganda pale unapopeleka mbele. Vuta kebo. Kama ni lazima kushea folda kwa kiboksi dhaifu, NFS (njia nyingine ya kushea mafaili) inakichosha kidogo kuliko SMB (ile ya Samba).

Kwangu sebuleni ni Pi 4 na Tvheadend, chumbani kile kiboksi cha zamani bado kipo, kinacheza rekodi zilizokwisha isha na hakijawahi kuniomba sasisho lolote. Sijaona sababu ya kukitoa.

Kama bado hujanunua kitu, chukua laptopu yoyote uliyonayo, weka Kodi, ichomeke kwenye tivii kwa HDMI, iunganishe na seva yako, ukae nayo wikiendi moja. Fungua rekodi inayoendelea uone kama inavuka pale ilipokuwa imefika ulipoifungua. Simamisha chaneli dakika kumi alafu endelea. Futa rekodi moja kwa rimoti alafu uende kwenye seva kuangalia kama kweli imeondoka. Laptopu itakuonesha kama seva na kiongezi vinaelewana, lakini picha haiwezi kukuhakikishia, hiyo ni chipu ya boksi lenyewe. Kwa hiyo siku boksi linafika, jambo la kwanza wekea taarifa ya habari, sogea karibu na skrini, angalia yale maandishi yanayopita chini. Yakiwa na meno, lirudishe kabla hujatupa kifungashio.